Ziwa lilikatwa miaka 7 iliyopita. Saratani imefikaje mgongoni?

SWALI: Daktari, assalaam aleikum. Mama yangu ana miaka 61, twakaa Kisauni. Miaka 7 iliyopita alikatwa ziwa la kushoto, akawekewa kemo, kisha akameza vidonge kwa miaka 5 hadi akaambiwa amepona. Tangu Mfungo Sita, baada ya Maulidi, mgongo wa chini ukawa wamuuma. Tulidhani ni umri, tukamwita mkandaji awe anamkanda kwa mafuta ya nazi, lakini wapi. Wiki iliyopita alipigwa picha, tukaambiwa saratani imeingia kwenye pingili mbili za mgongo na kwenye nyonga. Ziwani hakuna kitu, kovu ni safi. Shangazi asema ni kile kisu kilichoitawanya. Mimi najilaumu kwa kumkandisha. Imefikaje huko, na je, sasa ana saratani ya mifupa?

JIBU: Waleikum salaam, mwanangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kisu hakikuitawanya saratani ya mamako, na mkono wa mkandaji haukuipeleka popote. Hata hivyo huko kukandwa kukome leo hii, kwa sababu nyingine kabisa ambayo nitaieleza.

Na hapana, hana saratani ya mifupa. Saratani ya mifupa hasa ni ile inayoanzia kwenye mfupa wenyewe. Ni ugonjwa wa nadra, na aina yake inayojulikana zaidi huwapata sana vijana. Alicho nacho mamako ni saratani ya ziwa iliyohamia mfupani. Mwamu anaweza kuishi Mombasa miaka 50, ajenge, aoze watoto, lakini akifungua mdomo tu utamjua ametoka Lamu. Seli za mgongoni mwa mamako nazo, zikiwekwa chini ya hadubini, bado ni seli za ziwa, na mara nyingi bado zinaitikia dawa za ziwa. Ndiyo maana atatibiwa na daktari yule yule wa saratani ya ziwa, wala hatatafutiwa dawa ya mifupa kana kwamba ni ugonjwa mpya.

Sasa kisu. Uvimbe unaoweza kuushika kwa kidole tayari una mamilioni ya seli. Kabla mtu hajaenda hospitali, huenda baadhi yake zimeshajichomoa kwa wenzake. Seli ya kawaida ya ziwa imegandamana na jirani zake, na ikibanduka hufa. Ya saratani imejifunza kubanduka na kuishi. Inapenya utando unaoizunguka, inaingia kwenye mishipa ya limfu inayoelekea kwapani, ndiyo maana daktari wa upasuaji hutoa mitoki ya kwapa akaipime. Au inaingia kwenye mshipa mdogo wa damu, inapita moyoni na mapafuni, na kuanza kuzunguka mwili mzima.

Hayo yalitokea kabla ya upasuaji. Jiulize: hakuna daktari anayempa mtu kemo kwa ajili ya ziwa ambalo limeshakatwa na kuzikwa. Kemo na vidonge vilikuwa kwa ajili ya zile zilizokwisha kutoka, ambazo ni chache mno kuonekana kwenye picha yoyote. Shangazi yako hajazua. Ameona wanawake wangapi waliofika hospitali ugonjwa umeshakomaa, wakapasuliwa, wakazikwa baada ya miezi sita? Kilichotangulia kuonekana ni kisu, kikafuata kifo, na mtu akaunganisha. Ila kilichowaua kilikuwa kimeshatoka ziwani siku nyingi.

Swali lako lenyewe, kwamba kwa nini mfupa, liliulizwa zamani. Mwaka 1889 daktari wa upasuaji wa London, Stephen Paget, alikusanya kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya ziwa. Wengi zama zile waliamini kwamba seli hunasa popote damu inapozisukuma. Paget akaona hesabu haikubali. Bandama linapata damu nyingi, lakini uvimbe ulikuwa nadra huko. Ini lilijaa. Na mifupa fulani ilishambuliwa kuliko mingine. Akasema tutazame udongo pia, si mbegu peke yake.

Sisi wa pwani tuna mfano wetu. Nenda Tudor maji yakijaa na kupwa utazame mbegu za mikoko. Mbegu ya mkoko huchipua ingali juu ya mti wa mama yake, ndefu kama bamia lililorefuka kupita kiasi, kisha huanguka majini na kuelea siku nyingi. Maji huzichukua kila upande. Zile zinazotupwa kwenye miamba ya Nyali hukauka kwa jua. Zinazofika kwenye tope laini la mlangoni mwa mto hushusha mizizi. Seli za saratani zinazozunguka kwenye damu nazo nyingi mno hufa: zinapasuliwa na kasi ya damu, zinaliwa na askari wa mwili, zinakwama mahali pasipo na chakula. Chache zinazofika kwenye mfupa hukuta tope.

Tope lenyewe ni uboho mwekundu, ile sehemu inayotengeneza damu. Kwa mtu mzima umebaki zaidi kwenye pingili za mgongo, nyonga, mbavu, kifua, fuvu, na sehemu za juu za mifupa ya paja na ya mkono. Linganisha na ramani ya saratani ya ziwa mifupani, utaona ni karibu ile ile. Ni nadra sana kuikuta chini ya kiwiko au chini ya goti. Mishipa ya damu ndani ya uboho ni mipana, damu inatembea polepole, na kuta zake zina nafasi za kupenya. Isitoshe, uboho hutoa kemikali ya kuziita nyumbani seli zake changa za damu, na seli nyingi za saratani ya ziwa zina kipokezi cha mwito huo huo. Yaani zinaitwa kwa jina lisilokuwa lao, nazo zinaitika.

Mgongo una sababu yake ya ziada. Mwaka 1940 Oscar Batson wa Marekani alionyesha kwamba mishipa ya vena inayouzunguka uti wa mgongo haina vile vizuizi vya kulazimisha damu iende upande mmoja. Mtu akikohoa au akijikamua chooni, damu ya kifuani au ya nyonga inaweza kurudi kinyume na kuingia kwenye pingili, kama maji ya Tudor yanavyoingia na kutoka kwa mlango ule ule. Kwa hiyo mbegu nyingine hazikuhitaji hata kuzunguka mwili. Ndiyo sababu, miongoni mwa wanawake ambao saratani ya ziwa imesambaa, kama 7 kati ya 10 huwa imeingia mifupani, na pingili za mgongo huwa mahali pa mwanzo mwanzo.

Hadi hapa tumeeleza kufika tu. Kukaa ndiyo habari yenyewe, na hapa nakuomba usome polepole, maana usipoelewa hili hutaelewa kwa nini mamako ataandikiwa sindano atakayoandikiwa.

Watu hudhani mfupa ni kitu kilichomalizika, kama nguzo ya simenti. Ungekuwa hivyo, saratani ingekosa la kufanya humo. Fikiria badala yake nyumba kongwe ya Mji wa Kale, ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Mwenye nyumba hiyo hastarehe. Kila mwaka kuna upande wa kubanduliwa chokaa iliyooza na kupigwa mpya, na akiacha, ukuta unamwangukia. Mfupa wako ni hivyo. Karibu sehemu 1 kati ya 10 ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Zipo seli za kubomoa, osteoklasti, zinazomwaga asidi na kuyeyusha mfupa uliochoka. Zipo seli za kujenga, osteoblasti, zinazofuata nyuma na kuziba shimo. Na kuna utaratibu mzuri wa kazi: mbomoaji haanzi kubomoa mpaka mjenzi ampe kibali. Kibali hicho ni protini ambayo wataalamu huiita RANKL.

Seli ya saratani ya ziwa haina uwezo mkubwa wa kuutafuna mfupa. Inafanya ujanja. Inatoa protini inayofanana na homoni ya mwili inayosimamia kalsiamu ya damu. Wajenzi wakiipokea hudhani ni amri halali, wanaanza kugawa vibali ovyo. Wabomoaji wanaongezeka, wanabomoa mfupa mzima usio na kasoro. Halafu kuna jambo ambalo mimi mwenyewe lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Mfupa unapojengwa, huwekewa ndani yake akiba ya kemikali za ukuzaji, kama mtu anavyoficha dhahabu ukutani. Mfupa ukibomolewa akiba hiyo inamwagika, pamoja na kalsiamu. Seli za saratani zimekaa pale pale, zinainywa na kuzaana. Zikizaana zinatoa protini nyingi zaidi ya kuwalaghai wajenzi. Vibali vinaongezeka, mfupa unazidi kuyeyuka, na akiba zaidi inamwagika. Gurudumu linazunguka lenyewe.

Kwa hiyo picha ya mamako ikiwa na matundu meusi kwenye pingili, aliyetoboa ni fundi wa nyumba aliyepewa amri za uongo. (Saratani ya tezi dume ikiingia mfupani mara nyingi hufanya kinyume, huwachochea wajenzi wajaze mfupa hovyo. Kwenye picha unaonekana mweupe na mnene, lakini ni kama ukuta uliopigwa simenti na fundi mlevi, nao pia huvunjika.)

Mbona miaka 7? Kuna seli zinazofika kwenye uboho na kulala. Hazigawanyiki, hazikui, zimejibanza karibu na seli zinazotandika uso wa mfupa. Kemo huua hasa seli zinazogawanyika, basi iliyolala inaweza kuponea. Wewe umeniambia mamako alimeza vidonge miaka 5, na hilo linanidokeza kuwa saratani yake ni ile inayolishwa na homoni ya estrojeni. Aina hii ndiyo hupenda mifupa zaidi, na ndiyo yenye subira. Imejulikana kurudi hata baada ya miaka 20. Vidonge hupunguza uwezekano huo kwa kiasi kikubwa, lakini havimalizi. Pia mwanamke akikoma hedhi, estrojeni hushuka na ubomoaji wa mifupa huharakishwa, jambo ambalo kwenye panya wa maabara limeonekana kuziamsha seli zilizolala. Mwaka 2015 ulitoka uchambuzi uliojumlisha majaribio ya wanawake zaidi ya 18,000 wenye saratani ya ziwa ya mapema: waliokoma hedhi na kupewa dawa za kuzuia wabomoaji walipata marudio machache zaidi mifupani. Hapo ndipo utaona kwamba udongo wa Paget si hadithi.

Na hili neno “amepona” ni kosa letu madaktari. Tunapolitamka mara nyingi tunamaanisha kwamba hatuoni kitu. Mgonjwa anasikia kwamba hakuna kitu. Mamako angeambiwa siku ile kwamba maumivu mapya ya mfupa yanayodumu zaidi ya wiki mbili tatu yaletwe hospitali, hata baada ya miaka, pengine mngekwenda mapema. Usijibebeshe mzigo ambao si wako. Mgongo wa mwanamke wa miaka 61 ukiuma, hata mimi wazo la kwanza ni kuinamia karai la nguo.

Maumivu ya aina hii yana tabia zake, hasa kuzidi usiku na kutotulia mtu akipumzika. Yanaanza taratibu, yanaongezeka wiki kwa wiki. Na usidanganywe na eksirei safi: mpaka mfupa upoteze kama asilimia 30 hadi 50 ya madini yake ndipo tundu huonekana kwenye eksirei ya kawaida. Skeni ya mifupa, CT au MRI huona mapema zaidi.

Kuhusu kukandwa, tatizo ni kwamba pingili iliyotobolewa imekuwa kama boriti iliyoingiwa na mchwa. Kwa nje imesimama, lakini ukiiegemea kwa nguvu inaweza kuporomoka, na nyuma yake tu umepita uti wa mgongo wenye mishipa ya fahamu ya miguu, ya mkojo na ya haja kubwa. Basi asikandwe mgongo wala nyonga, asinyooshwe, asipigwe chuku, asibebe ndoo ya maji. Kumpaka mafuta kwa kiganja, taratibu, hakuna neno, na huenda kukamliwaza.

Mkiona miguu inalegea, au anahisi ganzi miguuni au sehemu anayokalia, au mkojo unakwama au unatoka bila yeye kujua, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Msingoje Jumatatu wala siku ya kliniki. Alazwe chali, apelekwe, na mlangoni semeni wazi kwamba ana saratani ya ziwa iliyoingia mgongoni na sasa miguu imelegea. Atapewa dawa ya kupunguza uvimbe na kuandaliwa mionzi au upasuaji. Anayeingia kwenye matibabu hayo akiwa bado anatembea, kwa kawaida hutoka akitembea. Aliyekwisha kupooza siku kadhaa, mara nyingi harudi.

Dharura ya pili ni ya kimya kimya, nayo Mombasa hujificha vizuri. Kalsiamu inayomwagika kutoka mifupani ikizidi kwenye damu, mtu hushikwa na kiu isiyokatika, mkojo mwingi, kichefuchefu, tumbo kufunga, kisha usingizi na maneno yasiyoeleweka. Wakati wa kaskazi nani hana kiu? Na mama wa umri huo watu watasema ni sukari. Kipimo chake cha damu ni kidogo, na hali hiyo inatibika kwa dripu na dawa, lakini ikichelewa inaua. Kwa sababu hiyo hiyo, kama Ramadhani itamkuta kwenye matibabu, azungumze na daktari wake kabla ya kufunga. Mwili wenye kalsiamu nyingi ukikosa maji mchana kutwa hujiharibu haraka, hasa figo.

Matibabu sasa. Sitakuficha: saratani ikishafika mifupani hatusemi tutaing'oa yote. Tunaishika isitembee, tunaondoa maumivu, tunazuia mifupa isivunjike, na kwa wengi hilo hudumu miaka, hasa kwa yule ambaye imekaa mifupani tu bila kugusa ini wala ubongo. Sipendi kabisa watu wa nyumbani wanapolitafsiri neno “hatua ya nne” kuwa ni wiki nne.

Kwanza yatashambuliwa yale yanayoilisha seli yenyewe. Ikiwa bado ina vipokezi vya homoni, atabadilishiwa vidonge vya homoni, wakati mwingine pamoja na vidonge vipya zaidi vinavyozuia seli kugawanyika. Hivi vipya ni ghali, ulizeni mapema SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa nini na kwa kiasi gani kabla hamjauza kitu. Daktari akitaka kutoa kipande kidogo cha mfupa akipime, msikatae kwa hofu ya kisu. Seli iliyokaa ugenini miaka 7 huweza kuwa imebadilika, na dawa huchaguliwa kwa tabia yake ya leo.

Mionzi ni kwa maumivu, na pale ambapo mfupa unatishia. Kwa mfupa unaouma bila matatizo mengine, dozi moja tu mara nyingi hutuliza sawa na dozi nyingi. Nafuu huja ndani ya wiki chache, na siku za mwanzo maumivu yanaweza kupanda kidogo, msishtuke. Coast General, ambayo wengi bado twaiita Makadara, ina kituo cha saratani, anzieni huko. Coast Hospice nao kazi yao ni kutuliza maumivu kwa mgonjwa anayeendelea kuishi nyumbani. Mofini ya maji wakimpa, ni dawa ya maumivu, haina maana kwamba amekatiwa tamaa.

Halafu ile sindano. Asidi ya zoledroni hupitishwa kwenye mshipa kwa dripu fupi, kila wiki 4 au kila wiki 12. Hujigandisha kwenye mfupa. Mbomoaji akija kutafuna, anaimeza na kufa. Nyingine, denosumabu, huchomwa chini ya ngozi kila wiki 4, nayo hunasa vile vibali njiani kabla havijawafikia wabomoaji. Zote mbili zinalenga fundi, hazilengi saratani, na sasa unajua sababu: gurudumu likikatwa hapo, seli ya saratani inakosa karamu yake. Zinapunguza kuvunjika kwa mifupa na maumivu. Kabla ya zoledroni hupimwa figo, na kwa zote mbili kalsiamu ya damu huangaliwa, kisha huongezwa vidonge vya kalsiamu na vitamini D kwa maelekezo ya daktari. Msimnunulie wenyewe dukani, kwani kama kalsiamu yake imepanda mtamwongezea balaa.

Kuna jambo moja husahaulika sana kliniki. Taya nalo ni mfupa, na hujitengeneza upya kwa kasi. Mtu akiwa kwenye sindano hizi kisha akang'olewa jino, kidonda kinaweza kukataa kufunga na mfupa wa taya ukafa sehemu hiyo. Basi kabla ya sindano ya kwanza mpelekeni kwa daktari wa meno. Jino bovu ling'olewe sasa, kidonda kifunge, ndipo sindano ianze. Na safari hiyo ya meno, msimpakie bodaboda.